Sisi wa Jina Moja

Jumapili ile niliamka nimelinunia jina langu. Simaanishi jina la kwanza, lile alilonipa mama yangu, Mungu amrehemu. Hilo nalipenda mpaka leo. Namaanisha la mwisho, la ukoo, lile ambalo baba yangu hakuwahi kulitamka bila kunyoosha mgongo.

Jina hilo ni la watu na ni la mahali. Ukipanda basi hapa mjini alfajiri, jioni unafika kwenye njia panda yenye kituo, maduka sita na kibao cha barabarani chenye maandishi meupe. Maandishi hayo hayo ndiyo yaliyo kwenye kitambulisho changu. Baba alikuwa na maelezo yake: pale palikuwa pori, akaja babu wa babu yake, akafyeka, akajenga, pakaitwa kwa jina lake. Alinihadithia hivyo nikiwa na miaka mitano, nami nikaamini, maana mtoto asipomwamini baba yake atamwamini nani? Ukutani sebuleni kwetu kuna picha yake amesimama kando ya kile kibao, amekishika kama mtu aliyemshika mwanawe bega.

Kwa ajili ya jina hilo Baba alianzisha Umoja. Popote aliposikia kuna mtu wa jina letu, alimfuata. Dereva wa gari la wagonjwa, mwalimu wa hesabu, mama muuza vitambaa, wote aliwafuata makwao na kuwaandika kwenye daftari lake la jalada jeusi. Watu mia moja na kumi na wanne. Alikuwa Mwenyekiti wao kwa miaka ishirini na sita, mpaka majirani nao wakamwita Mwenyekiti. Sisemi Umoja ulikuwa kitu kibaya. Mtu akiugua walikuja, na mama yangu alipofariki walijaa hadi barabarani. Nasema tu kwamba mwaka ule ulinikaba koo, kwa sababu mwanaume niliyempenda naye alikuwa na jina hilo hilo.

Nilimjua kazini. Mimi nafanya kazi posta, dirisha la vifurushi vilivyopotea, na watu wakifika kwangu huwa wamekasirika tayari. Yeye alifika ametulia, nikajua leo kuna jambo.

"Samahani, dada. Mimi ni fundi miwani, mtaa wa pili hapo. Hii ni mara ya nne lenzi zangu zinapelekwa nisikojua."

"Zinapelekwa wapi?"

Akaitaja ile njia panda. Nikakitazama kifurushi chake, nikaelewa. Wapangaji wetu wa mizigo walikuwa wakisoma jina lake, wakiona ni jina la mahali, wanakitupia kwenye gunia la huko. Kosa hilo nililijua vizuri. Hata viatu nilivyoagiza mwaka juzi vilikwenda kutalii huko wiki mbili kabla ya kunifikia.

"Pole," nikamwambia. "Hata mimi hunitokea."

"Wewe? Kwa nini?"

Nikamgeuzia kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwangu. Akainama kukisoma, akakisoma kwa muda mrefu kuliko jina lenyewe lilivyo. Kisha akainua macho.

"Kumbe tunapotea njia moja," akasema.

Jamani, mimi si mtu wa kuanguka hovyo. Lakini huyu kazi yake ni macho, na alijua kuyatumia. Wiki iliyofuata nilimpelekea kifurushi dukani kwake kwa miguu yangu mwenyewe, eti kisije kikapotea tena. Akanikalisha kwenye kiti cha kupimia, akaniwekea vioo, akaniambia nisome herufi ukutani.

"Huoni mbali," akasema.

"Mbali kuna nini? Ninachokitaka kiko hapa."

Ulimi huo! Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye akacheka mpaka kioo kikamponyoka, na tangu siku hiyo, kwa miezi minane, chakula changu cha mchana nilikila kwenye kile kiti cha kupimia.

Nilipomwambia Baba, swali lake la kwanza lilikuwa, "Wa ukoo gani?" Nikalitaja jina. Akaweka kikombe chini taratibu.

"Huyo ni ndugu yako."

"Baba, hatujawahi hata kumsikia."

"Ndivyo ukoo mkubwa ulivyo. Muache."

Wiki tatu hatukuzungumza zaidi ya salamu. Nilimsikia akikohoa chumbani kwake, akitembea, akikaa, akitembea tena, na nikafurahi kwamba naye hapati usingizi. Kisha akaniambia, bila kunitazama, "Mlete Jumapili. Nitamweleza mwenyewe. Na shangazi yako aje asikie."

Basi Jumapili ikafika.

Shangazi, mdogo wake Baba, alitangulia. Mwanamke huyu akiingia mahali huwa unasikia kicheko chake kabla hujamwona. Siku hiyo aliingia kimya, akanifuata jikoni nilipokuwa natengeneza chai.

"Shangazi, utanisaidia? Wewe ukisema, Baba husikia."

"Mimi nimekuja kunywa chai, mwanangu."

"Shangazi!"

"Weka tangawizi nyingi," akasema, akakwepa macho yangu. Hajawahi kukwepa macho ya mtu maishani mwake. Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli.

Saa nne Fundi akafika. Shati jeupe, viatu vimeng'aa, mikono haijui pa kukaa. Nilitaka kuushika mmoja nikaishia kupokea mwavuli.

"Shikamoo, Mzee. Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba," wakaitika.

Baba akamwonyesha kiti. "Umekuja na nani?"

"Peke yangu, Mzee."

"Jambo kama hili mtu haji peke yake. Wakubwa zako wako wapi?"

"Sina. Wazazi wangu sikuwafahamu, walifariki nikiwa mchanga. Nimelelewa na babu, mzaa baba, naye ana miaka sita tangu afariki. Baada yake sina wa kumwita."

"Huyo babu ndiye aliyekupa jina?"

"Ndiye. Hakuwa na nyumba wala kiwanja. Alikuwa na jina, akaniachia."

Baba akatikisa kichwa kama hakimu aliyepata alichokitaka. "Na alikwambia limetoka wapi?"

"Nilimuuliza mara nyingi. Alikuwa akinijibu, 'Linatosha. Litumie.'"

"Basi leo utajua." Baba akalivuta daftari jeusi, akalifungua juu ya meza, akaanza. Pori, babu wa babu, kufyeka, kujenga. Nimeisikia hadithi hiyo mara mia, na Baba huisimulia vizuri, lakini siku ile sauti yake ilikuwa kavu. Fundi alimsikiliza ameinama mbele, midomo wazi kidogo. Ndipo nikaona jambo lililonitia baridi: alikuwa anaifurahia.

"Kwa hiyo," Baba akamalizia, "wote wenye jina hili ni damu moja. Wewe na huyu binti ni kaka na dada."

Shangazi akashusha kikombe. "Kaka, mbona hawa ndugu pua zao hazijuani?"

"Damu haikai puani."

"Kwetu ilikaa," Shangazi akasema polepole, akajigusa pua yake, pana kama ya Baba, pana kama yangu.

"Nyamaza wewe!"

Nikaona nisiposema nitapasuka. "Baba, mimi sibishani na wewe. Nionyeshe tu. Huyu babu yake alikuwa mtoto wa nani? Na huyo wa nani, mpaka kwetu? Nionyeshe mstari kwenye daftari."

"Mistari mingine haijakamilika."

"Unanitenganisha na mtu kwa mstari ambao hujauchora?"

"Unajua watu wangapi wananiita Mwenyekiti?" Baba akapiga meza, vijiko vikalia. "Mia moja na kumi na wanne! Niwaite waje kusherehekea ndugu na ndugu wakioana? Nitawatazama kwa macho gani?"

"Basi ni wao unaowaogopa! Si damu, ni wao!"

"Usimjibu Baba hivyo," Fundi akasema.

Nikamgeukia. "Na wewe uko upande gani?"

"Wako. Lakini naomba niseme." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, kama afanyavyo akitafuta maneno. "Mzee, nikiwa mdogo, siku ya wazazi shuleni, wenzangu walijaza benchi. Wajomba, mashangazi, binamu. Kwenye langu alikaa babu peke yake. Nikipita mitaani nilikuwa nasoma majina kwenye vibao vya maduka, natafuta jina letu. Nina miaka thelathini na mitatu, na sikuwahi kuliona kwa mtu mwingine mpaka siku nilipoliona shingoni kwa binti yako. Siku ile, Mzee, kabla ya mapenzi, nilifikiri: nimepata mtu wangu."



"Nampenda," akaendelea. "Sikuja kutafuta ndugu, nimekuja kuomba mke, nisikudanganye. Lakini kama wewe mkubwa wangu, unayejua yote, unaniambia mbele ya Shangazi kwamba huyu ni dada yangu, siwezi kumtorosha dada yangu. Nitaumia, lakini nitakubali. Ila niandike. Niandike humo kwenye daftari. Nisitoke hapa sina mke na sina ukoo pia."

"Fundi!" Sikuamini masikio yangu. "Unanibadilisha na mstari wa daftari?"

"Nakuheshimu."

"Sitaki kuheshimiwa, nataka kuolewa!"

Shangazi alipaliwa na chai, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Mimi yangu yalikuwa yameshatoka. Nilisimama katikati ya sebule ile na sinia mkononi, nikimtazama mwanaume aliyenipenda kiasi cha kukubali kunikosa. Sikujua nimtupie sinia au nimkumbatie.

Baba akachukua kalamu. Akafungua ukurasa mpya, akaulainisha kwa kiganja.

"Jina la babu yako. Lile la kwanza."

Fundi akalitaja.

"Kazi yake?"

"Alipokufa alikuwa mlinzi wa ghala. Lakini moyoni alibaki mtu wa matofali, kazi aliyoifanya kiwandani zamani. Mzee, nyumbani kwetu hata sahani hazikuruhusiwa kugusana. Vitabu vyangu, kuni, viazi, kila kitu alikipanga akiacha upenyo wa kidole. Nikimcheka anasema, 'Acha hewa ipite, usije ukaniunguzia tanuri.'"

Kalamu ikasimama.

"Alisemaje?"

"'Acha hewa ipite, usije ukaniunguzia tanuri.'"

"Alikuwa akitumia mkono gani?"

"Wa kushoto. Kwa nini, Mzee?"

Baba aliinamia daftari, akaandika herufi ya kwanza, akaandika ya pili. Nikaona mkono umekwama. Baba yangu amesimamia tanuri la matofali miaka thelathini, ameshika vitu vya moto ambavyo mimi nisingevisogelea, na sikuwahi kuuona mkono ule ukishindwa na kitu. Akaiweka kalamu chini.

"Siwezi."

"Huwezi nini, Kaka?" Shangazi akauliza, kwa sauti ya mtu aliyelisubiri neno hilo miaka mingi.

"Siwezi kumwandikia uongo mjukuu wa yule mtu."

"Basi sema. Sema mwenyewe, maana nikisema mimi nitasema vibaya."

Baba akafunga daftari. Aliweka viganja vyote viwili juu ya jalada, na maneno yake aliyasema akivitazama viganja, si sisi.

"Nilikuwa na miaka kumi na minane. Lori la kiwanda cha matofali lilipita pale njia panda kila mwanzo wa mwezi kuchukua vibarua. Hakuna aliyeishi pale. Palikuwa na jiwe la barabara na jina lake, basi. Watu tulitembea kutoka kila upande, wengine siku mbili, kulisubiri lori. Siku yetu tulikuwa thelathini na mmoja. Tukifika kiwandani, karani ana malori matano ya kupokea asubuhi moja, hana muda wa kujua wewe ni mwana wa nani. Anakuuliza jina lako la kwanza, halafu mbele yake anaandika ulipopandia lori, ili siku ya kuondoka wajue wakushushe wapi. Ndivyo walivyofanya kazi. Waliopandia darajani waliitwa jina la lile daraja. Waliopandia stesheni, la stesheni. Sisi tukaitwa hilo."

"Jina letu?" nikauliza.

"Ndilo. Ukiitwa kazini, unaitwa hivyo. Ukiugua, cheti kinaandikwa hivyo. Miaka ikapita, vitambulisho vikatengenezwa kwa kufuata orodha ya kiwanda. Mwanzoni nilicheka. Halafu nikaanza kuitika. Ulipozaliwa, nikakuandikisha nalo."

"Na mimi nilipomfuata mjini akaniandikisha hivyo hivyo," Shangazi akadakia. "Nilipoolewa nikaliacha, nikashukuru. Hiyo njia panda yenyewe sijawahi kuiona."

"Na babu wa babu?" Sauti yangu ilikuwa ndogo kama ya yule mtoto wa miaka mitano. "Aliyefyeka pori?"

"Hakuwapo, mwanangu. Nilimtunga. Uliniuliza, 'Baba, jina letu limetoka wapi?' Ulikuwa umekaa gotini kwangu. Nikaona aibu kukwambia limetoka kwenye lori." "Halafu mwalimu wa hesabu akaniuliza, nikamwambia hayo hayo. Ungemwona alivyofurahi! Akaja mwingine. Watu wanafurahi sana wakiambiwa wana kwao."

"Wiki tatu hizi, Baba. Umeniona nalia."

"Nimekuona." Sasa akanitazama, macho mekundu. "Kila usiku nilisema kesho nitamwambia. Nikafikiria watu mia moja na kumi na wanne wakiniuliza. Nikadhani ni rahisi zaidi wewe kumsahau mtu mmoja. Nisamehe. Nilikuuza ili nibaki Mwenyekiti."

Hasira ilikuwepo, sikatai. Lakini chini yake kulikuwa na furaha iliyotaka kuruka dirishani: si ndugu! Si ndugu yangu! Nikamgeukia Fundi nimwone anavyofurahi.

Hakuwa akifurahi. Alikuwa ameketi, miwani mkononi, anatazama ile picha ya Baba na kibao. Ndipo nikaelewa kwamba neno lile lile lililonipa mume lilikuwa limemnyang'anya yeye babu wa babu, pori lililofyekwa, na mashangazi mia moja. Alikuwa nao kwa nusu saa tu.

"Kwa hiyo hata jina si letu," akasema. "Basi ndiyo maana babu hakutaka kusema."

Nikaweka sinia chini, nikaenda kukaa kando yake, mbele ya baba yangu na mbele ya shangazi yangu, nikaushika mkono wake. Hakuna aliyenikataza.

"Nisikilize, kijana," Baba akasema. "Mimi nilikuwa mdogo kuliko wote kwenye lile lori. Sikujua lolote. Tanuri la kwanza nililopanga niliyabananisha matofali, hewa ikakosa njia, yote yakaharibika. Msimamizi akaja juu, anataka aliyepanga afukuzwe siku hiyo hiyo. Babu yako akainua mkono wake wa kushoto, akasema ni yeye. Wakamhamishia kwenye kubeba udongo, kazi mbaya kuliko zote, miezi minne. Hakuwahi kunidai hata asante. Alinirudisha tu kwenye tanuri, akanionyesha. Kidole kimoja katikati. Acha hewa ipite."

Fundi alikuwa amefumba macho.

"Baadaye alihama, nikampoteza. Sikujua kama alipata mtoto, wala mjukuu. Lakini kuna jambo moja. Jioni, tukishaoga, wakubwa walikuwa wakikaa nje ya bweni wanatajiana majina yao ya kweli, wasije wakayasahau. Kila mtu lake, la baba yake, na kwao. Zamu kwa zamu, watu thelathini na mmoja. Mimi nilikuwa na kichwa chepesi, nikayashika yote. Ninayo mpaka leo." Akajigusa kifuani. "Na la babu yako ninalo."

"Mzee..."

"Sogea."

Fundi akasogea, na mimi naye, kwa kuwa sikuuachia mkono. Baba akalisema. Jina la babu, jina la baba wa babu, na kijiji chao, ng'ambo ya mto, upande ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika. Alilisema wima, mgongo umenyooka, kama alivyokuwa akilisema lile lingine.

Fundi akajaribu kulirudia. Nusu yake ikatoka, nusu ikampotea. Akajaribu tena. Mara ya tatu likatoka lote, naye akaufunika uso kwa mkono mmoja, maana wa pili ulikuwa kwangu, akalia kama mtu aliyefiwa na kupata mtoto kwa siku moja.

"Na sisi?" nikamuuliza Baba. "Sisi ni akina nani?"

Baba akamtazama dada yake. Shangazi akaitikia kwa kichwa. Ndipo akalitaja jina la baba yake mzazi, babu yangu, jina ambalo nilikuwa nimeishi miaka thelathini na mmoja bila kulisikia. Shangazi akatoa sauti ndogo, akajifunika mdomo kwa upande wa kanga.

"Miaka hamsini," akasema. "Miaka hamsini, Kaka, hujaniita kwa baba yetu."

"Jumamosi kuna kikao cha Umoja. Nitawaambia."

"Watakasirika," nikasema.

"Na wana haki."

"Mzee," Fundi akasema, akijipangusa, "binti yako aliniambia walikuja mama yake alipofariki. Ni kweli?"

"Walijaa hadi barabarani."

"Basi hilo si uongo. Waambie na hilo."

Nilimwona Baba anamkagua upya, kuanzia viatu, na safari hii hakuwa akitafuta kosa. Kisha akajikaza, akakunja uso, akarudi kuwa baba yangu.

"Lakini hatuwezi kulianza jambo hili hivi. Umeingia hapa kwa jina la karani. Toka nje."

"Baba!" nikaruka.

"Nimesema atoke. Aanze upya, kama mtu mwenye kwao."

Fundi akavaa miwani, akavuta shati lake, akanitazama mara moja tu, lakini nakwambia mtazamo ule nimeuhifadhi mpaka leo. Akatoka. Baba akaufunga mlango kwa mkono wake, akarudi kukaa, akaweka kofia sawa. Tukasubiri. Nikaanza kufikiri amekimbia, na nisingemlaumu.

Mlango ukagongwa.

"Hodi!"

"Nani?" Baba akauliza, sauti nzito ya uenyekiti.

Fundi akajitaja. Jina lake, la babu yake, la baba wa babu yake, na kijiji cha ng'ambo ya mto. Alisimama kidogo baada ya kila moja kama mtu anayekanyaga ngazi gizani, lakini hakukosea hata moja.

"Na unamtafuta nani hapa?"

Kisha sauti yake ikapita mlangoni, wazi, ya heshima, na ikamwita baba yangu kwa jina la baba yake. Fulani, mwana wa fulani. Hakuna mtu mjini humu aliyewahi kumwita hivyo. "Nimekuja nyumbani kwake," akasema, "kumwomba binti yake."

Baba alifungua mdomo aitike. Nilimwona anajaribu. Mabega yakaanza kumtikisika, akavua kofia aliyoiweka sawa dakika moja iliyopita, akajifunika nayo uso, na kwa mkono uliobaki akanionyesha mlango.

"Kamfungulie," Shangazi akasema, akinisukuma kiunoni huku analia na kucheka. "Kamfungulie mume wako, asije akadhani hatumo."

Nikaenda kufungua.